Simu Isiyojua Iliko

Kwa karibu miaka mia moja simu ilikuwa kitu kilichofungwa ukutani, na hakuna aliyehitaji kuiuliza iko wapi. Waya wa shaba ulitoka nyumbani, ukapita juu ya nguzo, ukaingia kwenye jengo la swichi la mtaa, na kampuni iliyouvuta ilikuwa na kumbukumbu ya kila waya na nyumba unakoishia. Simu ya kwanza ya namba ya dharura ya 911 nchini Marekani ilipopigwa Haleyville, mji mdogo wa Alabama, tarehe 16 Februari 1968, namba hiyo haikuwa na maarifa yoyote ya ziada. Ilikuwa namba fupi tu, rahisi kukumbukwa. Maarifa yalikuja katika miaka iliyofuata, miji ilipoanza kuunganisha swichi na kanzidata za anwani. Mtu akipiga 911, swichi ilipeleka namba ya laini yake, kanzidata ikaitafuta na kutoa jina la mtaa, namba ya nyumba, pengine na ghorofa, na yote hayo yakatokea kwenye skrini ya mpokea simu kabla mpigaji hajatamka neno. Aliyefungwa ulimi na kiharusi alipatikana. Mtoto asiyejua jina la mtaa wao alipatikana. Aliyelazimika kukata simu kwa sababu aliyemtisha amerudi chumbani, naye pia. Watu walizoea huduma hiyo kiasi cha kuiona kama sehemu ya simu yenyewe, ilhali ilitegemea jambo moja ambalo halikuandikwa popote: kwamba anayebeba sauti na anayemiliki waya ni mtu yule yule.

Simu za mkononi zilikuwa za kwanza kuutikisa utaratibu huo, lakini hazikuuvunja. Mwaka 1996 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziamuru kampuni za simu za mkononi zijenge uwezo wa kueleza mpigaji wa dharura yuko wapi, kwanza kwa mnara unaomhudumia, kisha kwa vipimo vya karibu zaidi. Kampuni zilinung'unika, zikaomba muda, zikapewa muda, zikachelewa tena. Hata hivyo kulikuwa na mtu wa kumshika shati. Aliyeuza laini ndiye aliyemiliki au kukodi minara, na mnara haupotei. Hata pale ambapo hesabu ilikosea kwa mamia ya mita, ilikosea katika mji uliokuwa sahihi.

Simu ya intaneti ilifanya jambo la aina nyingine kabisa. Mwanzoni mwa karne hii kampuni kama Vonage zilianza kuuza adapta ndogo: unaichomeka kwenye ruta, unaunganisha simu yako ya kawaida ya mezani, na mazungumzo yanasafiri kama paketi za data juu ya intaneti ambayo tayari unailipia kwa kampuni nyingine. Bei ilikuwa nafuu, lakini mvuto mkubwa ulikuwa uhuru wa kuhama na namba. Mteja wa Boston aliweza kuchukua namba ya California ili mama yake aliyeko huko apige kwa gharama ya mtaani. Aliweza kuitia adapta kwenye sanduku la safari, akaichomeka hotelini Dubai au kwa dada yake Mombasa, na simu ikaita kana kwamba hajatoka nyumbani. Namba iliachana na mahali, na matangazo yaliisifu sifa hiyo hiyo. Kilichotajwa kwa sauti ndogo ni kwamba kampuni inayobeba sauti haina hata mita moja ya waya unaofika kwa mteja. Kinachoifikia ni paketi zenye anwani ya IP tu. Nyumba zinakotoka paketi hizo inajulikana na kampuni ya kebo, au ya nyaya za simu, au msimamizi wa mtandao wa hoteli, ambao kwao mazungumzo hayo ni data kama data nyingine. Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo, na hoja yangu katika sura hii yote inasimama juu yake: intaneti ilimtenganisha anayejua na anayewajibika, na kila dawa iliyojaribiwa bila kuwaunganisha tena imefeli kwa namna ambayo ingeweza kutabiriwa.

Madhara yalionekana mapema mwaka 2005. Huko Houston, Texas, watu wenye silaha walivamia nyumba ya familia moja na kuwapiga risasi baba na mama. Binti yao alipopiga 911 kwa simu ya intaneti ya nyumbani alisikia ujumbe uliorekodiwa ukimwambia kwamba huduma hiyo haipatikani kwenye laini ile. Wazazi walinusurika, na mwanasheria mkuu wa Texas aliishtaki Vonage kwa kutowaeleza wateja ukweli huo waziwazi. Miezi hiyo hiyo, huko Florida, mama mmoja alimpoteza mtoto wake mchanga baada ya kushindwa kupata 911 kwa simu ya aina hiyo, akaenda mwenyewe mbele ya FCC kueleza yaliyomkuta. Ikumbukwe kwamba hata pale simu za dharura zilipopita, mara nyingi ziliangukia kwenye laini ya kawaida ya ofisi ya polisi, inayopokewa saa za kazi, badala ya kituo chenye watu waliofunzwa na skrini ya anwani. Tarehe 19 Mei 2005 FCC ikapitisha amri: kampuni zote za simu za intaneti zilizounganishwa na mtandao wa kawaida wa simu zipeleke 911 kwenye kituo sahihi, pamoja na namba na mahali pa mpigaji, ndani ya siku 120. Kampuni iitwayo Nuvio ilikwenda mahakamani ikidai muda huo hautoshi kwa jinsi teknolojia ilivyokuwa. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Washington iliikatalia.

Amri hiyo iliokoa watu, na sitaki ionekane kama naidharau. Ila tazama ilivyolijibu swali la mahali. Kwa kuwa kampuni ya sauti haikuwa na njia ya kujua mteja alipo, iliambiwa imuulize. Mteja aandike anwani yake anapojiunga, aibadilishe kila anapohama, na kampuni imwonye, pengine kwa stika ya kubandika kwenye kifaa, kwamba asipofanya hivyo atapotea. Hii ndiyo iliyoitwa anwani iliyosajiliwa. FCC yenyewe ilijua kwamba ni kiraka. Katika waraka ule ule ilianza kuuliza namna ya kupata mahali kiotomatiki. Kiraka kikadumu kuliko ilivyokusudiwa, kama viraka vinavyodumu pale ambapo mtu wa kulipia nguo mpya hajapatikana.

Aprili 2008, Canada ilionyesha kiraka hicho kinapasukia wapi. Familia moja ilikuwa imehama kutoka Mississauga, Ontario, kwenda Calgary, Alberta, na kuhama na simu yake ya intaneti. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu alipozidiwa, walipiga 911. Simu ilipokewa. Ambulensi ilitumwa. Ilitumwa Mississauga, kwenye nyumba ambayo walishaondoka, umbali wa zaidi ya kilomita 2,500. Walisubiri, na kwa kuwa hakuna aliyefika wakapiga tena kwa simu ya mezani ya jirani. Safari hii ambulensi ilifika baada ya dakika chache, lakini mtoto hakupona. Hakuna kifaa kilichoharibika siku hiyo. Adapta ilifanya kazi, intaneti ilifanya kazi, kituo cha dharura kilifanya kazi, na anwani ilisomwa kama ilivyoandikwa.

Jibu la haraka, na wapo waliolitoa, ni kwamba kosa ni la mteja: alionywa, hakubadilisha anwani, mkataba ulieleza. Kisheria hoja hiyo ina nguvu yake. Kiuhandisi haina, kwa sababu mfumo wa dharura hupimwa kwa jinsi unavyomhudumia mtu aliyesahau. Anayehama nyumba ana shule ya watoto ya kutafuta, mizigo, umeme, maji na kazi mpya, na simu yake ya intaneti inaita vizuri kabisa bila kumkumbusha chochote. Katika zama za waya wa shaba haikuwezekana kuhama na simu bila kampuni kujua, maana fundi alipaswa kuja kuunganisha. Kumbukumbu ilijirekebisha kwa sababu ya kazi yenyewe. Utaratibu wa kujisajili uliondoa ukaguzi huo na kuweka badala yake fomu inayooza kimyakimya, ikionekana nzima hadi siku itakapohitajika. Tena, anayetumia programu ya simu kwenye kompyuta mpakato hahami mara moja kwa miaka mitano. Anahama mara tatu kwa siku: nyumbani, ofisini, mkahawani.

Wengine huuliza kwa nini isitumike anwani ya IP kumtafuta mpigaji, kwani tovuti hujua hata mji ulipo ili zikuonyeshe matangazo. Kuiuliza intaneti kwa njia hiyo ni kama kumuuliza kondakta wa daladala abiria wake anakaa nyumba gani: anachojua ni kituo aliposhukia, na hata hicho pengine anakisia. Kanzidata za aina hii hujengwa kwa makisio. Mfano wake maarufu ni wa shamba moja karibu na Potwin, Kansas. Kampuni ya MaxMind, inayouza kanzidata hizo, ilihitaji nukta ya kuwakilisha kila anwani ya IP ambayo ilijua tu kwamba iko Marekani, ikachagua latitudo 38 kaskazini na longitudo 97 magharibi, karibu na katikati ya nchi. Nukta hiyo iliangukia shambani. Zaidi ya anwani milioni 600 zikaonekana kuwa hapo, na kwa miaka mingi wakazi wake walipokea polisi, maofisa wa kodi, watu wenye hasira walioibiwa mtandaoni, hata ambulensi zilizokuja kumwokoa mtu aliyetishia kujiua mahali pengine kabisa. Jambo hilo lilipoanikwa na mwandishi wa habari mwaka 2016, kampuni ilihamisha nukta hiyo na kuiweka katikati ya maji. Kwa tangazo la viatu makisio yanatosha. Kwa ambulensi makisio ni hatari kuliko kutojua, kwa sababu mpokea simu asiyejua huuliza, na aliyedanganywa na skrini haulizi.

Anayejua kweli ni mtandao unaomfikishia mpigaji intaneti. Kampuni ya kebo inajua modemu ipi iko nyumba ipi, la sivyo isingeweza kutuma ankara wala fundi. Msimamizi wa mtandao wa chuo anajua soketi ipi iko chumba kipi na kisambaza mawimbi kipi kiko ghorofa ya ngapi. Wahandisi wa Shirika la Viwango vya Intaneti, IETF, waliliona hilo mapema, akiwemo Henning Schulzrinne wa Chuo Kikuu cha Columbia, mmoja wa waandishi wa SIP, itifaki inayoanzisha simu nyingi za intaneti, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa teknolojia wa FCC. Walichobuni kwa miaka kadhaa ni rahisi kueleza. Kifaa kinapojiunga na mtandao, hapo hapo kinapoomba anwani ya IP, kinaomba pia kuambiwa kiko wapi, ama kwa vipimo vya latitudo na longitudo ama kwa mtaa, jengo na chumba. Kisipopewa hapo, kinaweza kuuliza seva maalumu ya mtandao huo kwa itifaki ya HELD. Mtumiaji anapopiga namba ya dharura, jibu hilo linabebwa ndani ya ujumbe unaoanzisha simu, na itifaki nyingine, LoST, inauliza: kwa mahali hapa, kituo cha dharura ni kipi? Kampuni ya sauti haihitaji kujua chochote kuhusu Calgary wala Mississauga. Mahali panasafiri na simu yenyewe. Viwango hivyo vilichapishwa kati ya mwaka 2004 na 2011. Hakuna fumbo la kisayansi lililobaki.

Kwa nini basi havikutumika katika nyumba za watu? Kwa sababu hakuna aliyemlazimisha anayejua. Amri ya 2005 iliwabana wauza sauti. Kampuni zilizomiliki nyaya haikuziagiza zimwambie mteja wao alipo. Nazo hazikuwa na hamu. Kampuni ya kebo yenyewe ilikuwa ikiuza huduma ya simu, ambayo ilipata anwani kutoka kwenye ankara zake bila shida, na kuwasaidia washindani kutoa 911 nzuri kungekuwa kuwapa silaha bure. Watengenezaji wa ruta za nyumbani nao hawakuweka itifaki ambazo hakuna mtandao unaozijibu, na mitandao haikujibu maswali ambayo hakuna ruta inayoyauliza. Soko halikuwa na sababu ya kuanza, na msimamizi hakumchagua wa kuanza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la siku hizi: kwamba simu za kisasa za mkononi zimelimaliza tatizo. Mwaka 2014 Uingereza ilianza mfumo wa AML, ambamo simu yenyewe, ikitambua kwamba imepigwa namba ya dharura, inawasha GPS na kusikiliza mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, kisha inatuma vipimo kwa kituo bila mtumiaji kufanya lolote. Google iliuingiza uwezo wa namna hiyo katika simu za Android mwaka 2016, Apple ikafuata kwa AML mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya ukaagiza simu janja zinazouzwa kwake kuanzia Machi 2022 ziweze kutoa mahali kwa setilaiti za Galileo na Wi-Fi. Eneo la kutafutwa likashuka kutoka kilomita hadi mita kadhaa. Ni mafanikio makubwa, na naona yanaunga mkono hoja yangu kuliko kuivunja: yalikuja pale ambapo anayejua, yaani mwenye mfumo endeshi wa simu, alikubali kusema. Lakini yalikuja kwa namba ya dharura iliyopigwa kwa kipigio cha kawaida cha simu ya mkononi. Simu ya mezani ya ofisini haimo. Programu ya kompyuta inayotumiwa na mfanyakazi aliyeko nyumbani haimo. Hoteli yenye vyumba 400 na namba moja ya nje haimo.

Kwa mambo hayo Marekani ilihitaji sheria nyingine. Desemba 2013 mama mmoja aliuawa katika moteli huko Marshall, Texas, huku binti yake wa miaka 9 akipiga 911 tena na tena bila kufika popote, kwa sababu simu ya chumbani ilitaka kwanza kubonyeza 9 ya kutokea nje. Sheria ya Kari, iliyotiwa saini Februari 2018 kwa kumbukumbu ya mama huyo, iliondoa sharti hilo katika mifumo mipya, na sheria ya RAY BAUM ya mwezi uliofuata iliipa FCC jukumu la kudai mahali panapoweza kutumiwa msaada: siyo jengo tu, bali ghorofa na chumba. Tarehe ya mwisho ilikuwa Januari 2021 kwa simu zisizohama na Januari 2022 kwa zinazohama. Hapa kuna somo ambalo watunga sera wengi wamelipita. Jukumu lilimwangukia, pamoja na wauzaji wa mifumo, anayesimamia mtandao wa jengo, mtu anayejua swichi zake na visambaza mawimbi vyake. Kazi ambayo miaka 15 kabla ilitajwa kuwa haiwezekani ikawa orodha ya vifaa na vyumba, ya kuchosha lakini ya kawaida.

Linabaki suala la faragha, na sitalipuuza, maana anayelileta hana wasiwasi wa bure. Mfumo unaoiambia kila simu ilipo unaweza kumwambia pia mume mkatili, polisi bila hati ya mahakama, au mfanyabiashara. Mwaka 2018 na 2019 ilifichuka kwamba kampuni kubwa za simu za mkononi za Marekani zilikuwa zikiuza mahali walipo wateja kwa madalali, nao wakauza mbele zaidi. Aprili 2024 FCC ilizitangazia faini za karibu dola milioni 200, na kampuni zikaenda mahakamani kupinga. Lakini soma ushahidi huo kwa makini. Waliouzwa waliuzwa na mitandao iliyokuwa tayari inajua, kwa ajili ya biashara. Kunyamaza kwa mtandao mbele ya ambulensi hakujawahi kumficha mtu mbele ya dalali. Muundo wa IETF unampa habari mwenye kifaa, na kifaa huitoa pale namba ya dharura inapopigwa. Kikundi kilichoutengeneza kilibeba faragha katika jina lake, GEOPRIV, na kilijadili ruhusa na muda wa kuhifadhi kabla hakijafika kwenye vipimo. Wasiwasi wa pili, kwamba kifaa kinaweza kudanganya na kupeleka polisi wenye silaha nyumbani kwa mtu asiye na hatia, ni wa kweli zaidi. Ila anwani ya kujisajili, ambayo mtu yeyote huandika anachotaka, ndiyo rahisi kuliko zote kudanganya nayo. Mahali panapotolewa na mtandao, na kuthibitishwa nao, ni pagumu kughushi.

Nchi ambazo bado zinaandika kanuni zake zina nafasi ambayo Marekani iliipoteza mwaka 2005. Afrika Mashariki mazungumzo mengi ya intaneti hupita WhatsApp, ambayo inasema wazi kwamba haiwezeshi kupiga huduma za dharura, na namba ya +255 iliyosajiliwa Dar es Salaam inaweza kuwa mkononi mwa mtu aliyeko Toronto au Muscat. Wakati huo huo nyaya za fiba zinaingia majumbani, na nyuma yake zitafuata simu za mezani za intaneti, mifumo ya hoteli, ya hospitali na ya ofisi. Utaratibu wa anwani iliyosajiliwa ungefanya vibaya huku kuliko ulivyofanya Calgary. Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, lakini nyumba kuwa na namba na mwenye nyumba kuikumbuka wakati wa moto ni mambo mawili, na watu bado wanaelekezana kwa msikiti, kwa mwembe, kwa duka la fulani. Fundi anayefunga fiba, kinyume chake, anasimama mlangoni na simu yenye GPS mkononi. Sharti la leseni lingeweza kuwa fupi: kila anayeuza intaneti isiyohama aandike latitudo na longitudo ya kila kituo cha mteja siku ya kufunga, na mtandao wake ukijibu kifaa cha mteja kinapouliza kiko wapi. Mamlaka za Dar es Salaam na Nairobi tayari hutoa leseni hizo kwa masharti mengi marefu kuliko hilo. Gharama yake kwa kampuni ni dakika chache za fundi na seva moja; gharama ya kuliongeza baada ya nyumba milioni moja kuunganishwa ni kumrudisha fundi huyo kwenye kila mlango.